Shajara ya mashine inayojizima: nilibadilisha pawa saplai, balaa likaanza

Jumamosi, saa nne usiku

Nimemaliza kubadilisha pawa saplai ya kompyuta yangu, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani yake (PSU). Ile ya zamani ya wati 500 ilishanichosha, feni yake mashine ikipata joto tu inaanza kukwaruza kama mtu anasaga kokoto, na imekula miaka nane, kwa hiyo sikutaka kusubiri ife yenyewe maana PSU ikifa vibaya huwa haifi peke yake, inaondoka na wenzake. Mpya ni ya wati 750, Gold, waya zote zinachomoka upande wa pawa saplai. Na hii Gold niiandike hapa kabisa ili nijikumbushe mwenyewe, inaongelea umeme kiasi gani unapotea kama joto ndani ya boksi, basi, haisemi chochote kuhusu waya wala konekta, ila wakati nanunua nilijihisi kama nimenunua ngao.

Kazi imechukua saa mbili, na karibu nusu ya muda imeishia kwenye waya mmoja tu, ule wa pini nane wa prosesa. Unapita nyuma ya bamba la madabodi, ile bodi kuu, alafu unatokezea juu kushoto kwenye kona, nafasi iliyopo kati ya hitisinki, kile kipozeo cha prosesa, na paa la kesi haimezi hata vidole viwili. Waya wa safari hii ni mgumu kuliko wa zamani na umefika kwa kunyooka kabisa, hamna hata mkunjo wa ziada. Nimeusukuma kwa ncha ya kidole mpaka ukakataa kuendelea. Kava la nyuma limegoma kuingia kwa sababu ya lile fungu la waya, nikalisukuma kwa goti, likaingia.

Imewaka mara ya kwanza. Kimyaa. Nalala.

Jumapili, saa tisa alasiri

Dogo alikuwa anacheza gemu, mi niko chumba kingine, nasikia "Kaka! Mashine yako imekata!" Nikamuuliza umegusa nini, ananiambia sijagusa kitu, nilikuwa kwenye kona ya mwisho nimebakiza mzunguko mmoja. Nikadhani anatania. Nikakaa mwenyewe nikacheza, dakika kumi na saba, tak, giza.

Niielezee vizuri hii kukata maana kila aina ya kukata ina ukoo wake. Hamna skrini ya bluu. Hamna sauti kukwama na kurudia rudia kama redio mbovu. Skrini inakuwa nyeusi, feni zinasimama, taa zinazima, inakaa kama sekunde mbili alafu inajiwasha yenyewe kama hamna kilichotokea.

Nimeingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nimekuta Kernel-Power namba 41. Hiyo 41 watu wengi wakiiona wanakimbilia kusema PSU mbovu, lakini yenyewe inachosema ni kwamba Windows imeamka ikakuta haikuzimwa kistaarabu, sababu haiijui. Cha maana kipo ndani kwenye maelezo, mstari wa BugcheckCode. Wangu unasoma 0. Ingekuwa draiva au kitu cha mfumo kimeanguka mara nyingi ungekuta namba pale, na kwenye folda ya Minidump kungekuwa na faili la ripoti ya kuanguka. Mi folda iko tupu. Maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika wosia, umeme umekatwa chini ya miguu yake au kuna kitu kimebonyeza reset.

Kwa hiyo programu nimeziweka pembeni. Sijagusa draiva, sijaweka Windows upya. Hii peke yake imeniokolea siku nzima.

Jumapili, saa tatu usiku

Mtuhumiwa wa kwanza nimempata haraka. Kadi ya picha ina matundu mawili ya pini nane na mi kwa uvivu nilitumia waya mmoja wenye vichwa viwili, ule wa mkia. Kila tundu la pini nane linaruhusiwa wati 150, sloti ya madabodi yenyewe inatoa mpaka 75, na kadi hizi za sasa zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa muda mfupi sana, mruko ambao programu ya kusoma wati haiuoni, ila pawa saplai inauona na ikikasirika inajizima kujilinda. Waya mmoja kubeba yote hayo sio dhambi kubwa ila sio jambo zuri.

Nimefungua kava zote mbili, nimeilaza kesi, nimevuta waya wa pili kutoka nyuma, nimefunga. Na nimetoa ekstensheni nimechomeka moja kwa moja ukutani, angalau niondoe na hilo kichwani.

Dogo kacheza saa moja na nusu. Safi.

Jumanne

Siku mbili hamna kitu. Nishaanza kujisifia, nimemweleza na jamaa yangu mmoja fundi, nikamwambia ni ule waya wa mkia, akasema "nilijua tu". Hakujua.

Jumatano, saa mbili usiku

Imekata mara mbili ndani ya saa moja. Ya kwanza dakika ya ishirini na mbili, nikaiacha ijiwashe nikaendelea, ya pili dakika ya sita.

Hii ya pili kuwahi ndo imenikaa kichwani. Kitu kinachokufa haraka zaidi kikiwa bado kimoto ni kitu chenye tatizo la joto, sio? Nikaangalia prosesa, digrii 71 ikiwa imebanwa kabisa. Kadi ya picha 68. Hamna hata kimoja kinachokaribia kulalamika. Yaani kuna kitu kinapata moto humu ndani na hakina kipimajoto.

Niliandika sentensi hiyo hapo juu alafu nikaipita kama mjinga nikaenda kwenye RAM.

Nilienda kwa RAM kwa sababu wakati nabandika ile konekta kubwa ya pini 24 nilisukuma kwa nguvu mpaka madabodi ikapinda, na inapinda palepale karibu na sloti za RAM. Sio wazo baya. Nimechomoa vijiti vyote viwili, nimerudisha, nimeingia bayosi nimezima XMP, ile seting ya kuziongezea RAM spidi, ili ziende kwa spidi ya kawaida 2133 badala ya 3200, nimewasha MemTest86+, programu ya kupima RAM, nikaenda kulala. Mashine iko mezani, imelazwa ubavu, kava wazi.

Alhamisi, asubuhi

Raundi nne, makosa sifuri. Nimerudisha XMP, raundi nyingine mbili, sifuri. RAM iko huru.

Alhamisi, usiku

Jamaa yangu fundi kasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kaka, ulibadilisha kitu kimoja, tatizo likaanza siku hiyo hiyo, unatafuta nini kwingine? Rudisha hiyo pawa saplai." Na kwa kweli hoja yake haina tundu. Nilishaandaa mpaka boksi lake. Ila nikasema kabla sijairudisha niipime, isije ikawa narudisha kitu kizima alafu ya pili ikija na yenyewe inakata nabaki sina wa kumlaumu.

Ule ujanja wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi ili pawa saplai iwake peke yake sikuufanya. Unakuonyesha tu kwamba feni inazunguka. Pawa saplai isiyobeba kitu ni kama mtu anayejisifia ana nguvu akiwa amekaa.

Nimechukua multimita, kile kipimo cha umeme. Nimechomeka waya wa zile konekta za zamani za Molex maana zina nafasi ya kuingiza ncha, nimeweka ncha nyeusi kwenye ardhi, nyekundu kwenye laini ya volti 12. Mashine imetulia: 12.11. Nikawasha OCCT, programu ya kuitesa mashine, ibane prosesa na kadi kwa pamoja: 12.04. Laini ya volti 5 inasoma 5.03 na haitikisiki. Mipaka inayoruhusiwa ni asilimia tano juu na chini, yaani kwa 12 ni kuanzia 11.40 mpaka 12.60, kwa 5 ni 4.75 mpaka 5.25. Hii pawa saplai haijakaribia hata ukingo. HWiNFO, programu ya kusoma sensa za bodi, nayo inasoma 12.096, mstari umenyooka kama umepigwa rula.

Nimeiacha OCCT saa moja kamili. Haijakata.

Hapa nimechanganyikiwa kweli. Umeme unatoka vizuri, RAM nzima, joto zuri, programu sio, na mashine inayokata dakika ya sita sasa hivi imebanwa saa nzima na haijakata. Dogo kapita akaangalia akasema "si imepona?" Nikamwambia hakuna kitu kinapona chenyewe humu.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Nimekaa na daftari nikaandika kila mara iliyokata na kila mara iliyokataa kukata, pembeni nikaandika hali ya mashine ilikuwaje, na sio joto na wati tu, kila kitu hata cha kijinga. Nani anacheza. Gemu gani. Kava liko wapi. Monita ngapi.

Imekata: Jumapili mara mbili, Jumatano mara mbili. Haijakata: Jumapili usiku, Jumatatu, Jumanne, Jumatano usiku kwenye MemTest, jana OCCT.

Zile mbili za mwisho mashine ilikuwa imelala ubavu, kava wazi. Zote zilizokata ilikuwa imesimama, imefungwa. Alafu hizo siku nzuri za katikati, Jumapili usiku mpaka Jumanne, zilikuja mara tu baada ya mimi kuifungua, kuilaza na kuvutavuta waya.

Yaani kila "suluhisho" langu lilifanya kazi. Ningebadilisha ile betri ndogo ya madabodi (CMOS) ingefanya kazi. Ningepangusa vumbi ingefanya kazi. Kilichokuwa kinatibu ni mikono yangu kupita mle ndani, sio nilichokuwa nakibadilisha.

Nikafanya jaribio la kitoto kabisa. Mashine imelala, wazi, OCCT: dakika arobaini, safi. Nimeizima, nimeisimamisha, bado wazi pande zote, OCCT: dakika arobaini, safi. Nimeizima, nimefunga kava la mbele tu, lile la upande wa kadi: safi. Nimeizima, nimefunga kava la nyuma, goti kama kawaida.

Dakika ya kumi na moja. Tak.

Kava la nyuma! Lile bati bubu halina hata feni! Nimekaa chini nimelitazama kama mtu aliyeibiwa na jirani.

Ijumaa, usiku sana

Nyuma ya kava kuna vitu viwili tu vinavyoweza kuguswa nalo, SSD moja na lile fungu la waya. SSD kwa kawaida haikatishi umeme wa mashine nzima. Kwenye fungu kuna waya wa pini 24, waya mbili za kadi, waya wa SATA, na waya wa pini nane wa prosesa. Kadi nimeshaibadilishia waya. Pini 24 ni konekta nene, nimeibonyeza mbele yangu, nimesikia na mlio wake ikishika.

Ule wa prosesa sikusikia mlio. Nimerudi juu kusoma nilichoandika Jumamosi: "mpaka ukakataa kuendelea". Kukataa kuendelea sio sawa na kushika.

Alafu likanijia la pili, ambalo ndo limeniuma zaidi. Jana nilipima volti 12 kwenye Molex. Molex ni waya mwingine kabisa. Na sensa ya HWiNFO kwenye bodi yangu inasoma laini inayoingia kwa pini 24, sio ile ya prosesa, nimeangalia kwa kufuata namba haitikisiki hata prosesa ikibanwa vipi. Yaani nilipima mto kila mahali isipokuwa kwenye daraja lililovunjika. Pawa saplai ilikuwa inatoa umeme mzuri na vipimo vyangu vyote vilikuwa vya kweli, na hakuna hata kimoja kilichopita pale.

Kesho mchana kwenye mwanga. Usiku huu mikono inatetemeka na ncha ya multimita ikiteleza pale nachoma bodi.

Jumamosi, saa nne asubuhi

Mashine imelala, wazi, OCCT upande wa prosesa peke yake. Inakula kama wati 130, ukigawa kwa volti 12 ni karibu ampea 11.

Nimeingiza ncha nyekundu kwa nyuma ya konekta ya prosesa, pale waya unapoingia kwenye plastiki, upande wa volti 12: 12.01. Alafu nimeihamisha kwenye ile koili ya kwanza baada ya konekta, upande wa bodi, sentimita mbili tu kutoka pale: 11.86. Kwa umbali wa sentimita mbili sio namba ya kufurahia, ilitakiwa wapishane kwa vipointi vya mwishoni tu, ila bado mashine inaishi.

Dogo nimemwambia shika huu waya kwa nyuma, uvute taratibu kuelekea chini kama kava linavyoukandamiza. Ncha nimeiacha kwenye koili. Akavuta.

11.86. 11.70. 11.52. 11.38. "Acha, acha!" 11.31 na skrini ikazima.

Nimepiga kelele ya furaha dogo akadhani nimepigwa shoti.

Hesabu yake ndo inayotisha. Upande wa waya uko pale pale 12.0, koili 11.3, yaani volti 0.7 zinapotelea kwenye kigusio cha konekta. 0.7 mara ampea 11 ni wati saba na kitu. Wati saba kwenye kitu kikubwa kama punje ya mchele, ndani ya plastiki, hamna hewa. Hicho ndo kile kitu kinachopata moto humu na hakina kipimajoto. Na ndo maana ilikuwa inakata haraka zaidi ikiwashwa bado moto, chuma kikipata joto kinalegea, kikilegea kinagusa vibaya zaidi, kikigusa vibaya kinapata joto zaidi.

Nimezima, nimechomoa ukutani, nimebonyeza swichi ya kuwashia mara kadhaa kumaliza umeme uliobaki, nimesubiri, alafu nimechomoa konekta.

Nilivyoikuta. Ile pini nane ni vipande viwili vya pini nne vinavyokaa pamoja. Kipande cha ndani, cha upande wa hitisinki ambako jicho halifiki, kilikuwa kimeinuka kama milimita moja na nusu kuliko mwenzake. Ndoano yake haikuwahi kushika. Kimeegemea tu, kinagusa kikijisikia. Kipande cha nje kimeshika vizuri, lakini nikikiangalia kwa mbele na tochi, kwenye matundu yake mawili ya volti 12, kichuma cha ndani cha tundu moja kimerudi nyuma, kiko chini kuliko wenzake kwa unene wa kucha. Hakikufungwa vizuri kwenye plastiki, au kilifungwa na mi nilivyosukuma kwa nguvu kikarudi, hilo sitamhukumu mtu. Kwa hiyo katika matundu manne ya volti 12 lililokuwa linafanya kazi kwa uhakika ni moja. Na hilo moja plastiki yake imebadilika rangi kuzunguka tundu, kahawia kama chai ya maziwa, ukinusa ina harufu ya soketi iliyoungua. Pini moja imebeba mzigo wa nne kwa wiki nzima.

Waya ni nyeusi zote, ile rangi ya njano ya zamani hamna siku hizi, ndo maana nilikuwa napima tundu moja moja kujua lipi ni lipi.

Nimeangalia upande wa bodi kwa tochi na kioo cha kukuzia. Pini ya pale iliyoungana na lile tundu imefifia kidogo ila haijaungua, plastiki ya bodi nzima. Nimepona kwa tundu la sindano.

Jumamosi, mchana

Jamaa yangu fundi nimempigia. Kimya kidogo, alafu "kwa hiyo ilikuwa pawa saplai". Nikamwambia sio pawa saplai, ni waya wake na kidole changu. Akasema "si nilisema ulibadilisha kitu kimoja". Nimemwacha ashinde.

Sasa niko na kishawishi kikubwa. Kwenye droo kuna waya wa prosesa wa pawa saplai ya zamani, mrefu zaidi, laini zaidi, unaingia kwenye tundu la pawa saplai mpya bila ubishi wowote, nimeujaribu kavu mashine ikiwa haiko ukutani. Umeingia na mlio mtamu kabisa.

Usifanye hivyo. Mwenyewe nilijua lakini nilitaka kuona kwa macho, nikaweka multimita kwenye ile sehemu inayotoa mlio ikikuta waya umeungana, nikagusa tundu moja upande wa bodi na kutafuta limetokea wapi upande wa pawa saplai, tundu moja moja, waya mpya na waya wa zamani. Upande wa bodi ni kiwango kimoja kwa wote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anajiamulia, na wakati mwingine hata mtengenezaji mmoja anabadilisha kutoka modeli hadi modeli. Kwa huu wangu, safu ambayo kwenye waya mpya inabeba volti 12 kwenye waya wa zamani ndo ardhi. Safu nzima kichwa chini. Ningewasha, volti 12 ingeingia mahali pa ardhi, na hapo ungeomba ulinzi wa pawa saplai uwahi kukata kabla ya kitu kingine.

Nimeufunga karatasi na gundi nikaandika USITUMIE, PINI TOFAUTI. Dogo kauliza kwa nini usiutupe. Sijui. Waya huwa hazitupwi.

Nimemwandikia aliyeniuzia, nimetuma picha ya tundu la kahawia na ya kichuma kilichorudi nyuma, nimeomba waya wa prosesa wa modeli hiyo hiyo, kwa jina na namba ya modeli iliyoandikwa ubavuni. Nimeandika na kipande changu pia, kwamba upande mmoja sikuubana. Hakunipa shida.

Ule wa kahawia sitautumia hata kwa kujaribu. Kichuma kikishapata moto wa hivyo kinapoteza ule ukakamavu wa kukumbatia pini, ukikirudisha kinarudi kulekule taratibu.

Alhamisi iliyofuata, usiku

Waya umefika. Kabla sijaufunga nimeupima na wa kwanza tundu kwa tundu kwa ile multimita inayolia, safu zinafanana. Nimeangalia vichuma vyote nane kwa tochi, viko kimo kimoja, alafu nimevuta kila waya kidogo kwa nyuma kuona kama kuna unaoteleza. Hamna.

Safari hii nimefungua skrubu za feni ya juu, feni nimeitoa kabisa, ndo nafasi ya mkono ikapatikana. Vipande viwili vya pini nne nimevibana pamoja kwanza nje, vile vina kijimfereji cha kushikana, alafu nikaingiza kama kitu kimoja. Mlio umesikika. Nimepitisha ukucha juu ya vichwa vyote viwili, viko sawasawa, hamna kilichoinuka. Nimevuta kwa nguvu ya kawaida, hautoki.

Fungu la nyuma nimelipanga upya, ule wa prosesa nimeupitisha peke yake kando kabisa ili kava lisiuguse, nimeacha na mkunjo mdogo kwenye kona. Kava limeingia kwa mkono. Goti limestaafu.

OCCT, mashine imelala, kava wazi, multimita: kwenye waya 12.02, kwenye koili 12.00. Dogo kavuta waya, ikabaki 12.00. Kavuta tena bila kuambiwa, 12.00, anaonekana amevunjika moyo kidogo.

Jumapili, saa mbili usiku

Imesimama, kava zote zimefungwa, siku ya tatu. Jana OCCT saa tatu mfululizo, leo dogo kacheza tangu mchana. Event Viewer: 41 ya mwisho ni ile ya Jumamosi tuliyoisababisha wenyewe kwa kuvuta waya. XMP iko juu 3200, kadi ina waya wake mbili.

Kamaliza ule mzunguko wa mwisho. Katoka wa nne.